Tatizo si valvu, ni wati 12

Jirani yangu hapa Nyegezi, Mwanza, ana sabufa. Akiifungulia Jumamosi jioni, vikombe vyangu kabatini vinaitikia. Mimi nina spika mbili bapa, unene wake hauzidi vidole viwili, urefu wa mtoto wa darasa la pili, na wageni wakiingia sebuleni huuliza kama ni vioo vimegeuzwa ukutani. Kwa miezi kadhaa jirani alinishinda, na si kwa kelele tu. Hata nikisikiliza peke yangu, saa nne usiku, mtaa umelala, niliona kabisa kwamba muziki wangu umechoka.

Ampilifaya yangu ni ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na kila nilipolalamika nilipewa jibu lilelile: achana na valvu, spika bapa zinataka ampilifaya ya transista. Jibu hilo silikubali mpaka leo.

Spika yangu haina koni. Ndani yake kuna utando wa plastiki mwembamba umebandikwa nyaya, na mbele ya utando zimepangwa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye nyaya, utando wote unasukumwa na kuvutwa. Ndiyo maana sauti ya mwimbaji inatoka ikiwa kubwa kama mtu aliyesimama, haitoki kwenye tundu. Aliyewahi kuisikia hivyo hasahau haraka. Ampilifaya yangu nayo ina valvu nne za aina ya EL84, mbili kila upande, wati 12 kwa kila spika. Spika na ampilifaya nilivinunua kwa nyakati tofauti kwa watu tofauti, nikavioza bila kuuliza ukoo.

Nilimpelekea ampilifaya fundi mmoja mzee, jirani na Makoroboi, mtu wa enzi za redio za valvu. Nilimwamkia, akaitikia huku ameshaigeuza mgongo. Nyuma kuna skrubu nne za kufungia nyaya za spika, zimeandikwa 0, 4, 8 na 16: hizo ni omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme.

“Spika zako omu ngapi, mwanangu?”

“Nne, mzee.”

“Sasa nane umefungia nini?”

Sikuwa na jibu. Aliyeniuzia alikuwa amefunga kwenye nane, na mimi nikafuata alama za kutu.

Kwa kawaida valvu haiwezi kusukuma spika moja kwa moja. Yenyewe imezoea ukinzani wa maelfu ya omu, na spika ina omu chache tu, kwa hiyo katikati inawekwa transfoma ya kuwapatanisha, mithili ya giaboksi. Ukifunga spika ya omu nne kwenye skrubu ya nane, valvu inaona nusu ya ukinzani uliokusudiwa. Ni lori linapanda mlima wa Bugando na gia ya barabara ya Shinyanga: linakwenda, lakini sikiliza injini. Tulihamisha waya kwenda kwenye nne, na nilipofika nyumbani gitaa la besi, lililokuwa linavimba kama ugali uliozidiwa maji, likawa na mwanzo na mwisho.

Sauti lakini haikupanda. Hapo ikabidi nikae na kalamu.

Karatasi ya spika inasema desibeli 86, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa volti 2.83. Mtu anasoma anafurahi, anadhani ni kwa wati moja. Kwa spika ya omu nane ni kweli. Kwa omu nne, volti 2.83 ni wati mbili, kwa hiyo kwa wati moja ya haki ni desibeli 83 tu. Ongeza wati zangu 12, unapata karibu desibeli 11 juu yake: 94, ukiwa umbali wa mita moja. Kochi langu liko karibu mita tatu, na sauti hupungua kadiri unavyokaa mbali. Muziki wa dansi una tarumbeta zinazoruka ghafla, na hapo ndipo ampilifaya ilipokuwa inaishiwa pumzi, siku zote palepale, tarumbeta zikiingia. Na kuongeza kidogo hakusaidii, kwa sababu ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli tatu tu.

Kwa hiyo wanaosema “valvu haziwezi” wamechanganya udogo na aina. Magnepan, kampuni iliyozitangaza sana spika bapa za sumaku, ilianzishwa na Jim Winey mwaka 1969 huko Minnesota, Marekani, na spika zake za mwanzo ziliuzwa kupitia Audio Research, kampuni ya jimbo hilohilo iliyokuwa ikitengeneza ampilifaya za valvu. Spika bapa na valvu wamekua nyumba moja. Tofauti ni kwamba zile ampilifaya zilikuwa mizigo, zenye transfoma nzito za kumaanisha, si kijisanduku changu ninachokibeba kwa mkono mmoja. Tena spika hizi ni tulivu: ukinzani wake haupandi na kushuka ovyo, kwa hiyo valvu haiharibu rangi ya sauti. Zinadai nguvu, basi.

Ndugu zao wa umeme tuli, spika bapa zinazosukuma utando kwa chaji ya umeme badala ya sumaku, ndio wenye makuu. Kampuni ya Quad ya Uingereza ilitoa yake mwaka 1957, na ampilifaya iliyokwenda nayo ilikuwa ya valvu, wati 15 tu, watu wakaridhika. Ila spika ya namna hiyo ni kapasita, kifaa cha kutunza chaji: sauti ikipanda kuelekea nyembamba, ukinzani unaporomoka. Chukua ampilifaya ya valvu yenye ukinzani wake wa ndani wa omu 2. Pale spika inapokuwa omu 16, inapoteza desibeli moja hivi. Spika ikishuka hadi omu 2 kule juu, inapoteza sita. Matoazi yanafifia, na mwenye nyumba anasifu “ulaini wa valvu”. Huo si ulaini, ni hesabu. Kwa hapa kwetu nisingezinunua hata kwa bei ya kutupa: zina maelfu ya volti kwenye utando, zinavuta vumbi, na unyevu wa ziwa haukai mbali na dirisha langu.

Wadudu wa ziwani nao nisiwasahau. Ukizima taa za sebule ili ufaidi valvu zinavyong'aa, wanakuja kufaidi na wewe, na asubuhi unafagia juu ya transfoma. Weka wavu. Na stabilaiza nunua kabla ya kebo za bei mbaya. Mimi nilipoteza valvu mbili usiku mmoja umeme uliporudi kwa kishindo.

Sasa nimeazima ampilifaya ya transista ya wati 100, na spika zimeamka, nakiri. Tarumbeta zinasimama. Lakini mwimbaji amerudi nyuma kidogo, kama anaimbia dirishani, kwa hiyo nachanga pesa ya valvu za KT88, jozi moja kila upande, wati 50 hivi. Kijisanduku cha EL84 kimekwenda kwa shemeji, kule Pasiansi, kwenye spika za koni za desibeli 96, na huko kinaonekana jitu.

Kilichobaki ni chumba. Spika hizi zinatoa sauti mbele na nyuma sawasawa, kwa hiyo zinataka mita moja kutoka ukutani, la sivyo ukuta wa saruji unairudisha yote puani. Sebule yangu ni mita nne kwa nne na ina seti nzima ya makochi. Mama watoto kila akipiga deki anazirudisha ukutani, mimi jioni nazitoa. Tumeafikiana kwa solotepu: vipande vinne vyeusi kwenye vigae, viwili vyake, viwili vyangu.