Mwalimu Mkatoliki na Bei ya Darasa

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Julius Nyerere Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, unakumbukwa kwa majembe. Waliosoma miaka ile ukiwatajia watakusimulia shamba la shule, banda la kuku, mbolea kichwani na ndoo za maji. Lakini mwanzoni, kabla hajafika kwenye jembe, Nyerere anaeleza mambo ambayo serikali yake ilikuwa imekwisha kuyafanya tangu Uhuru, na la kwanza ni kuvunja ubaguzi shuleni. Anasema kwamba sasa mtoto wa Tanzania anaweza kuingia shule yoyote ya serikali, au inayosaidiwa na serikali, bila kujali rangi wala dini yake, na bila hofu ya kulishwa dini ya wengine kama bei ya kupata elimu.

Maneno hayo yaliandikwa na Mkatoliki wa misa za asubuhi, mtu ambaye uzeeni alikaa akazitia Injili katika tenzi. Na kabla ya siasa alikuwa mwalimu katika shule mbili tu, zote za mapadri.

Ninaanzia hapo kwa sababu mjadala wetu kuhusu mwalimu Mkristo na darasa huganda mahali pale pale. Wako wanaoona kwamba shule isiyo na sala imekwisha kupotea, na wako wanaomwona mwalimu mwenye rozari mfukoni kuwa mmisionari aliyevaa shati la serikali. Nyerere anawasumbua wote. Aliamini sana, na aliziondoa shule mikononi mwa Kanisa lake mwenyewe. Kila upande humnukuu nusu.

Tuangalie alikotoka. Alianza shule Mwisenge, Musoma, shule isiyo ya misheni, akaenda Tabora kwenye sekondari ya serikali. Mafundisho ya dini aliyafuata kwa hiari, nje ya ratiba, na alibatizwa Desemba 1943 akiwa na miaka 21, baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, akiwa amekwisha kufariki. Kwa maneno mengine, Ukristo wake haukuwa karo. Wengi wa kizazi chake waliingia dini kupitia mlango wa darasa, kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa mmoja. Yeye aliingia akiwa mtu mzima aliyekwisha kusoma, na nadhani hiyo ndiyo sababu aliweza kuvitenganisha vitu viwili ambavyo mapadri wengi wa enzi ile waliviona kimoja.

Alipotoka Makerere mwaka 1945 alikuwa na nafasi ya kufundisha shule ya serikali Tabora, yenye maslahi mazuri zaidi, na nafasi nyingine St. Mary's, shule ya wamisionari Wakatoliki wa White Fathers, katika mji huo huo. Alikwenda St. Mary's. Baada ya Edinburgh akafundisha St. Francis, Pugu, hadi mwaka 1955 alipolazimika kuchagua kati ya chaki na TANU, chama alichokiongoza kudai Uhuru. Wanaotaka kuona imani katika falsafa yake ya elimu waanzie kwenye uamuzi ule wa Tabora, wa kijana aliyekubali mshahara mdogo ili afundishe mahali alipoona anahitajika. Waraka wa 1967 unamtaka kila mwalimu wa Tanzania awe mtu wa namna hiyo.

Ushahidi wa wazi zaidi ni hotuba yake kwa masista wa Maryknoll, shirika la watawa Wakatoliki wa Marekani, New York, Oktoba 1970. Aliwaambia kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba yeye hawezi kumfikiria Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye woga na mnyonge. Kama wengi wa walioumbwa kwa mfano huo wanaishi katika unyonge, basi Kanisa linalokaa kimya linashiriki dhuluma. Ukiusoma tena waraka baada ya hotuba hiyo, hoja yake dhidi ya elimu ya kikoloni inapata uzito mwingine. Shule inayomfundisha mtoto kuidharau kazi ya mama yake, inayowachuja wachache na kuwaambia waliobaki kwamba wameshindwa maisha wakiwa na miaka 14, inaharibu kitu kitakatifu. Mwaka 1967 walikuwako watoto 825,000 katika shule za msingi, na katika kila 100 waliomaliza ni kama 13 tu waliopata nafasi sekondari. Mtihani ulikuwa umegeuzwa kuwa siku ya hukumu. Yeye akataka elimu ya msingi iwe kamili peke yake, si chumba cha kusubiria sekondari.

Huo ndio upande mmoja, na una nguvu. Hata hivyo wako wanaosema tunampaka mafuta matakatifu mwanasiasa. Wanauliza: jembe hilo si lilikuwako tangu mkoloni? Tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu ya Mwafrika iambatane na kilimo na maisha ya kijijini, na wazazi wengi waliinusa mapema wakajua ni elimu ya daraja la pili. Watawa Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa nchi, nao walikuwa na mashamba na karakana zao zamani, na kauli yao ya sala na kazi. Kwa hiyo, wakosoaji husema, kilichobadilika mwaka 1967 ni nani anayetoa amri.

Hoja hii naikubali nusu. Mkoloni alitaka mtoto alime ili asitafute kazi ya ofisini. Nyerere alitaka alime, halafu yeye na wenzake waamue mavuno yatumikeje, na waraka wake unataja waziwazi akili ya kudadisi kuwa moja ya shabaha za shule. Tatizo ni kwamba mwenye kutaka wananchi wadadisi aliongoza nchi ya chama kimoja tangu 1965. Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakaja kwake na risala ya ukali, aliwarudisha makwao kwa mamia. Siku hiyo hiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hapo pana mwalimu mzima: anayeanza kujikata mwenyewe, na asiyevumilia darasa linalojibu. Ualimu wa Kikristo wa zama zake ulikuwa na kasoro hii hii. Padri alimpenda mwanafunzi wake, akamlisha, akamfundisha, na hakumtegemea ambishie.

Sasa tuje kwenye shule zenyewe. Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali mamlaka ya kuzitwaa shule zilizokuwa zikipata ruzuku yake, na kuanzia 1970 shule nyingi za makanisa zikawa mali ya umma. Seminari ziliachwa. Vipindi vya dini vikabaki kwenye ratiba, kila dhehebu na mwalimu wake. Kama wewe ni Muislamu uliyekulia Tanganyika ya miaka ya 1940, huhitaji kuelezwa kwa nini jambo hili lilikuwa haki. Shule za sekondari za maana zilikuwa chache, nyingi za misheni, na mzazi wa Kilwa au Ujiji alijua hatari ya kumpeleka mwanawe huko: akirudi na cheti, huenda akarudi na jina jipya. Chuo cha Kurani kilimpa mtoto dini na herufi, ila hakikumfungulia ofisi ya bwana shauri, mtawala wa wilaya.

Lakini Waislamu wengi hawakuridhika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Mwaka 1968 Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyokuwa ikijenga shule na kufikiria chuo kikuu, ilipigwa marufuku, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa. Hoja yao ni kwamba aliyekuwa mbele alinyang'anywa majengo akabaki na wasomi wake, na aliyekuwa nyuma akanyang'anywa chombo alichokuwa akikitumia kukimbilia. Kisha mwaka 1992, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ikatia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, na hapo manung'uniko yakapata karatasi ya kunyooshea kidole. Serikali ilipotoa majengo ya TANESCO, shirika la umeme, Morogoro, Chuo Kikuu cha Waislamu kikafunguliwa humo mwaka 2005, wengine waliona ni deni linalolipwa, wengine wakasema limelipwa kwa kuchelewa na kwa pungufu.

Upande wa makanisa nao una kilio chake, na hiki hakina uhusiano na kutaka kubatiza watoto wa watu. Shule ya misheni ilikuwa na mtu aliyeiona kuwa maisha yake. Brother aliyejua bomba gani linavuja, sista aliyejua binti gani halali vizuri. Serikali ilitwaa madarasa, mabweni na vitabu, lakini ule ulezi haumo kwenye orodha ya mali. Mkuu wa shule akawa mtumishi wa kuhamishwa, leo Pugu, kesho Songea. Sisemi wakuu wale hawakufanya kazi. Wengine walifanya miujiza kwa bajeti ya aibu. Nasema mfumo uliacha kuwauliza habari za ulezi.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kukaja mbio za elimu ya msingi kwa wote, kwa Kiingereza Universal Primary Education, yaani UPE. Walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi juu juu huku wakifundisha. Watani wakaiita UPE kuwa ni Ualimu Pasipo Elimu. Utani huo ni wa kikatili kidogo, maana vijana hao ndio waliowafundisha mamilioni kusoma. Lakini falsafa ya Nyerere ilidai mwalimu wa wito, anayelima na wanafunzi, anayekula nao na kuwapa mfano, na serikali yake ikaajiri kijana wa miaka 17, ikampeleka kijijini bila nyumba. Shamba la shule likageuka mahali pa kuadhibia watoro. Kwingine likawa shamba la mwalimu. Sikubaliani na wanaosema falsafa ilishindwa kwa sababu ilikuwa ya kijamaa. Ilitegemea imani aliyokuwa nayo mwandishi wake, na haikuweka utaratibu wowote wa kuizalisha kwa wengine. Mtu anayekwenda misa kila asubuhi anaweza kusahau kwamba wenzake hawana kisima hicho, au wana kingine ambacho serikali haikukijali.

Na hapa ndipo usemi wa ualimu ni wito unaponikera. Kinywani mwa mwalimu aliyeacha mshahara mkubwa Tabora una heshima. Kinywani mwa afisa anayemjibu mwalimu anayedai malimbikizo yake, ni njia ya kumnyamazisha. Mwaka 2012 Chama cha Walimu kilipogoma, mahakama ikasimamisha mgomo, na mahubiri ya wito yakatoka hata kwa watu ambao hawajawahi kushika chaki. Mwalimu Mkristo anaweza kujitolea. Hiyo ni siri yake na Mungu wake. Mwajiri hana haki ya kuiandika kwenye mkataba.

Leo mambo yamepinduka kwa namna ambayo nadhani ingemuudhi Nyerere. Tangu milango ya shule binafsi ilipofunguliwa upana, makanisa yamerudi kwa kishindo. St. Francis ya wasichana, Mbeya, imeongoza matokeo ya kidato cha nne mara kadhaa. Shule za Marian Bagamoyo zinajulikana na kila mzazi mwenye gari. Wazazi wa Kiislamu nao hupeleka watoto huko, kwa hesabu zao, na wengi hawaripoti kulishwa dini kwa nguvu. Ulezi uliopotea mwaka 1970 umerudi, pamoja na usafi, nidhamu, na walimu wanaolipwa kwa wakati. Kilichorudi nao ni bei. Zamani mtoto aliogopa kulipia elimu kwa dini yake. Sasa analipa mamilioni ya shilingi kwa mwaka, na mtoto wa mkulima, awe Joseph au Juma, anabaki shule ya kata, ambako ada ilifutwa mwaka 2016 na madarasa yakafurika.

Wenye shule hizi watajibu kwamba serikali iliwatwalia majengo mara moja, haiwapi ruzuku, na walimu wazuri hawaishi kwa baraka. Ni kweli. Umeme unalipiwa, na kodi pia. Lakini ukiweka ukutani picha ya Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, kama Kanisa linavyomwita tangu mchakato wa kumtangaza mwenye heri uanze jimboni Musoma, umejiwekea pia kipimo chake. Kwake, Ukristo wa mwalimu haukuonekana kwenye sala ya asubuhi wala kwenye nafasi ya kwanza kitaifa. Ulionekana kwa mtoto ambaye hana cha kulipa na si wa dini yako.

Kuna makanisa na mashirika ya watawa yanayosomesha watoto maskini bure, na kuna shule za Kiislamu zifanyazo hivyo. Hatujui ni kwa kiasi gani kwa kuwa hakuna anayelazimika kutangaza. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule 10 bora, likiona ni matangazo ya bure kwa biashara za watu. TEC ya maaskofu Wakatoliki, CCT ya makanisa ya Kiprotestanti na BAKWATA zinaweza kuijaza nafasi hiyo kwa orodha nyingine, kila mwaka, shule kwa shule: watoto wangapi wanasoma bila ada, na wangapi kati yao si wa dini ya mwenye shule.