Kidole kinachonasa: kisu kina haki yake, lakini banzi linaonewa

Ukiamka asubuhi kidole cha pete kimejikunja kiganjani, ukakivuta kwa mkono wa pili kikaachia kwa mlio wa "ta!", hapa Mtwara utapewa ushauri wa namna mbili. Kachuliwe. Au, kutoka kwa aliyekwisha kutibiwa: usihangaike, kapasuliwe, dakika ishirini umemaliza. Banzi, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kidole kisikunjike, na mazoezi hutajwa mwishoni, kama kitu cha kumpa mgonjwa moyo tu.

Wenye kisu wana hoja nzito. Kano inayokunja kidole hupita ndani ya ala, na kwenye shina la kidole, upande wa kiganja, kuna pete ngumu inayoizuia isiinuke. Pete ikinenepa, au kano ikiota kifundo, inakuwa kama uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano: unakwenda, unagoma, kisha unachomoka kwa ghafla. Daktari huikata pete hiyo kwa ganzi ya palepale, na zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 hawanaswi tena. Banzi halifiki huko. Tafiti zake zinapishana sana, nyingine zikiona nafuu kwa karibu nusu tu ya wagonjwa, na wanaofaidika zaidi ni wale ambao tatizo lao halijapita miezi sita.

Mwenye haraka atasema hesabu imeshajibu. Mimi hiyo 90 inanikera kidogo kila nikiisikia, si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa jinsi inavyotumika. Banzi likishindwa, umepoteza wiki sita na kisu bado kinakusubiri. Kisu kikigusa mshipa wa fahamu, na kwenye dole gumba unapita karibu mno na pete ile, hakuna kurudi nyuma. Ni nadra, nakubali. Lakini chukua hiyo nusu ndogo kabisa: kama watu 50 katika 100 wangepata nafuu bila kuchanwa. Kwa nini wachanwe?

Halafu kuna kidonda chenyewe. Nyuzi hukaa siku 10 hadi 14, na mkono hautakiwi kulowa. Mwambie hivyo mama anayebangua korosho, ambaye mafuta ya ganda humchubua hata ngozi nzima mpaka ajipake majivu, na akitoka hapo ana vyombo na watoto wa kuogesha. Dakika ishirini ni za daktari. Za kwake ni wiki mbili na ushei.

Wengi wanaosema "nilijaribu, halikusaidia" hawakujaribu. Shangazi yangu wa Newala alivaa banzi siku nne, katikati ya msimu. Mchana alilivua akonyoe korosho kwenye mabibo, jioni akalivua ashike mwiko, kisha akatangaza kuwa mazoezi tiba ni porojo. Msimu ulipokwisha alianza upya. Alilala nalo kila usiku, na mchana akapunguza kazi za kukaba kitu kwa nguvu. Ilimchukua miezi miwili hivi. Mlio ukaisha, ingawa asubuhi za baridi kidole bado kizito.

Banzi halifungi kidole chote. Linashika kiungo cha shinani kisikunjike, viungo vya mbele vikabaki huru, ili kile kifundo kisisuguane na pete. Mazoezi nayo ni ya upole: mkono kwenye maji ya uvuguvugu, vidole vikunjwe kama ndoana huku shina limenyooka, vinyooshwe taratibu, mara kumi hivi, kisha basi. Kuchua kwa nguvu, kuvuta kidole mpaka kilie, ni kuzidi kuikwaruza kano. Hapo ndipo tiba hii ilipochafuliwa jina, kwa kuchanganywa na kuchua.

Nimesikia pia kwamba mtu wa kijijini hawezi kwenda hospitali ya Ligula, mjini Mtwara, kila wiki kwa mazoezi, bora aende mara moja akapasuliwe. Ni kweli nauli ni nauli. Ila mtaalamu anahitajika kutengeneza banzi, kufundisha, na kutazama maendeleo mara moja au mbili. Kazi iliyobaki ni ya nyumbani.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, iko katikati ya banzi na kisu, na kwa wengi inatosha. Mwenye kisukari aijadili na daktari kwanza, maana hupandisha sukari kwa siku kadhaa na kwake hufanya kazi kwa shida zaidi. Na kama vidole viwili vitatu vinanasa kwa pamoja, pima sukari hata kama hujawahi kuambiwa unayo.

Kidole kilichokwama moja kwa moja, kisichonyooka hata kwa kuvutwa, hicho sikitetei. Kipelekwe kwa mpasuaji kabla kiungo hakijakakamaa. Kinachonasa na kuachia, kilichoanza juzi juzi, ndicho cha banzi, na mwenye shamba asingoje Oktoba mikorosho ianze kudondosha ndipo alivae.