Bakshishi ya mhudumu wa chumba: juu ya mto, sandukuni, au isiwepo kabisa?

Mgeni anayefungasha mizigo katika hoteli ya ufukweni huko Nungwi, Paje au Diani huwa na mahali pawili pa kuacha fedha ya shukrani. Anaweza kuiweka juu ya mto wa kitanda alichokilalia, akitumaini kwamba atakayeikuta ni yule aliyekuwa akikitandika. Au anaweza kuitumbukiza katika sanduku lililowekwa mapokezini, ambalo hufunguliwa baada ya muda na yaliyomo yakagawanywa kwa wafanyakazi wote, kuanzia wapishi hadi watunza bustani. Wapo pia wageni wa aina ya tatu, ambao huondoka bila kuacha chochote, wengine kwa kusahau, wengine kwa kuamini kwamba bei waliyolipa imekwisha kumlipa kila mtu. Kila kundi lina hoja yake, na hakuna hoja kati ya hizo iliyo tupu, ingawa kwa maoni yangu hazilingani uzito.

Hoja ya wasiotoa inastahili kusikilizwa kwanza, kwa sababu ndiyo ngumu kuijibu kuliko zote. Wanasema kwamba mshahara ni deni la mwajiri, na kwamba hoteli inayomtegemea mgeni kumkidhia mfanyakazi wake haja za mwezi imekwepa deni hilo. Mabishano hayo yalisikika sana mwaka 2014, pale kampuni ya Marriott ilipoanza kuweka bahasha katika vyumba vipatavyo 160,000 nchini Marekani na Kanada, ili kuwakumbusha wageni kumwachia chochote mtu anayesafisha chumba. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: watu huwapa bakshishi wahudumu wa mezani na wabeba mizigo kwa kuwa wanawaona, lakini anayetandika kitanda huingia mgeni akiwa ametoka, na hutoka kabla mgeni hajarudi. Wakosoaji waliigeuza nia hiyo kuwa swali la papo hapo, kwamba kama kampuni inaithamini kazi hiyo kiasi hicho, kwa nini isiiongezee mshahara yenyewe.

Kwetu swali hilo lina hesabu zake. Aprili 2024 kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi Zanzibar kilipanda kutoka shilingi 182,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Ongezeko hilo lilikuwa kubwa na halipaswi kubezwa. Hata hivyo, zipo hoteli nyingi za ufukweni kisiwani humo ambazo hutoza zaidi ya kiasi hicho kwa chumba kimoja kwa usiku mmoja. Mhudumu anayesafisha vyumba kumi na zaidi kwa zamu anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Mgeni naye, ambaye juu ya nauli na viza amekwisha kulipa dola 44 za bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024, akiliona sanduku la bakshishi mapokezini anaweza kulichukulia kuwa ni tozo nyingine inayojiita hiari.

Pamoja na uzito wake, hoja hiyo inayumba katika hatua ya mwisho. Kutoka kusema kwamba mwajiri anapaswa kulipa zaidi hadi kuamua kwamba basi mimi nisiache kitu, kuna pengo ambalo wasemaji wake hulivuka kimyakimya. Mgeni asiyeacha kitu hamfikishii mwenye hoteli ujumbe wowote, kwa kuwa mwenye hoteli hatajua kama mto ulikuwa na noti au haukuwa nayo. Anayepungukiwa ni mtu mmoja tu, naye hana sauti katika kupanga mshahara wake. Kinachopandisha mishahara ni amri za serikali, kama hiyo ya Zanzibar, na mikataba ya vyama vya wafanyakazi, kama ile ambayo chama cha KUDHEIHA hujadiliana na waajiri wa hoteli nchini Kenya. Anayekerwa kweli na mishahara midogo ana njia ya kuuliza hoteli inalipaje kabla hajaweka nafasi, na wachache sana kati ya wanaokataa kutoa kwa ajili ya msimamo huuliza.

Hofu yao nyingine ina mashiko zaidi, nayo ni kwamba bakshishi ikizoeleka hugeuka kuwa sehemu ya mshahara na kumpunguzia mwajiri wajibu. Marekani jambo hilo limo ndani ya sheria: tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zifidie hadi kufikia kima cha kawaida cha dola 7.25. Wasafisha vyumba kwa kawaida hawalipwi kwa utaratibu huo, ambao umewaelemea zaidi wahudumu wa mezani, lakini ni onyo la kutosha kwa yeyote anayedhani kwamba ukarimu wa wageni hauwezi kuingia katika vitabu vya hesabu vya mwajiri. Kwa sababu hiyo siafiki kabisa meneja anayemwambia mwombaji kazi, wakati wa usaili, kwamba mshahara ni huu lakini bakshishi ni nzuri. Mshahara unapaswa kutosha hata msimu wa masika, hoteli inapokuwa nusu tupu na mito haina kitu.

Kenya imejaribu njia ya kati. Sheria yake ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 inaiondoa tozo ya huduma inayotozwa badala ya bakshishi katika thamani inayotozwa kodi, kwa masharti kwamba isizidi asilimia 10 ya bei ya huduma na igawiwe moja kwa moja kwa wafanyakazi kwa mujibu wa makubaliano ya maandishi kati yao na mwajiri. Ni sharti zuri, kwa kuwa linamnyima mwajiri nafuu ya kodi iwapo atajiwekea fedha hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mgeni anayesoma ankara hawezi kujua kama makubaliano hayo yapo, wala kama msafisha vyumba ametajwa humo sawa na mhudumu wa mezani. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2024 mwajiri analazimika kuwapa wafanyakazi bakshishi zote bila makato, na kuwa na utaratibu wa maandishi wa kuzigawa kwa haki. Pamoja na sheria zote hizo, bado haijaamuliwa kama fedha ya chumbani ni ya mwenye chumba, yaani anayekisafisha, au ni ya wote.

Watetezi wa sanduku wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Shuka safi haikuletwa kitandani na mtu mmoja. Imefuliwa na dobi aliye nyuma ya jengo, katika joto ambalo mgeni hataliona. Na chumba kimelindwa usiku na askari ambaye naye ana watoto wa kusomesha. Katika kambi za Serengeti na Maasai Mara, ambako wafanyakazi ni wachache na kila mmoja anagusa siku ya mgeni kwa namna fulani, sanduku la pamoja ndiyo desturi, na dereva anayewaongoza watalii hupewa chake kando. Sioni haja ya kuibadilisha desturi hiyo. Mgeni wa huko hukaa siku chache, huwafahamu karibu wote kwa majina, na mtu anayemsindikiza hemani usiku kwa sababu ya wanyama anastahili kukumbukwa kama yule anayelisafisha hema lenyewe.

Katika hoteli kubwa ya ufukweni mambo ni tofauti, na hapo ndipo naachana na watetezi wa sanduku. Hoteli yenye vyumba mia mbili ina wafanyakazi wengi mno kiasi kwamba fungu la kila mmoja hupungua hadi kukosa maana, na ufunguo wa sanduku kwa kawaida hauko mikononi mwa wafagiaji. Malalamiko ya wafanyakazi juu ya masanduku ya namna hiyo yanafanana popote unapokwenda: haijulikani nani huhesabu, wasimamizi hupata fungu lililonona kuliko wanaoshika ufagio, na glasi zilizovunjika hukatwa humo humo. Sanduku linalohesabiwa mbele ya kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi, na mgawo wake ukabandikwa ukutani, ni kitu kingine kabisa, lakini mgeni hana namna ya kulitambua sanduku la aina hiyo kwa kulitazama.

Juu ya mto nako hakuna usafi wa moja kwa moja. Mgeni aliyekaa juma zima na kuacha fedha yote asubuhi ya kuondoka anaweza kuwa amempa mtu ambaye hakuwahi kukiona chumba hicho, kwa kuwa zamu hubadilika na aliyekihudumia siku sita huenda leo yuko mapumzikoni. Wapo pia wasimamizi wenye mazoea ya kuwahi kukagua vyumba vya wanaoondoka kabla mhudumu hajaingia, kwa sababu zinazoeleweka. Dawa ya hayo yote ni nyepesi: kuacha kidogo kila asubuhi badala ya kingi mwishoni. Chama cha hoteli cha Marekani kimekuwa kikipendekeza hivyo hivyo, dola 1 hadi 5 kwa kila usiku, zikiachwa kila siku pamoja na maandishi.

Hayo maandishi yana umuhimu ambao wageni wengi hawaujui. Mhudumu wa chumba hufundishwa tangu wiki ya kwanza kwamba fedha anayoikuta mezani si yake, hata ikiwa shilingi mia tano. Kazi yake ni kuifuta meza na kuirudisha ilipokuwa. Noti iliyoachwa kando ya saa na chaja ya simu, bila neno lolote, humtia katika mtihani mgumu: akiiacha, mgeni hudhani amedharau, akiichukua, na ikawa haikukusudiwa, anaweza kufukuzwa kazi kwa wizi. Karatasi yenye maneno mawili, "Asante, yako", inamaliza shaka. Zawadi za vitu zina mkondo mrefu zaidi, kwa maana katika hoteli nyingi mfanyakazi hupekuliwa getini anapotoka, na viatu au kanga alizopewa na mgeni havipiti bila kibali kilichosainiwa. Mgeni anayetaka kumwachia mtu nguo na amwandikie kabisa barua fupi kabla hajaelekea uwanja wa ndege.

Kuna pia suala la aina ya fedha yenyewe, ambalo huharibu nia njema nyingi. Sarafu za euro zinazoachwa kwenye meza za vyumba vya Diani na Kiwengwa hazibadilishiki katika maduka ya fedha, na ndiyo maana wafanyakazi huonekana wakiwaomba wageni wengine wawabadilishie sarafu kwa noti. Dola moja moja hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko noti za hamsini na mia, na noti za matoleo ya zamani hukataliwa na wabadilishaji wengi. Tangu Machi 2025, kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mhudumu hawezi kuipeleka dola yake dukani kununulia unga. Shilingi ni bora. Kwa makadirio yangu, elfu tatu hadi elfu tano za Tanzania kwa usiku katika hoteli ya kitalii ni kiasi cha staha, na katika nyumba ya wageni ya kawaida elfu moja au mbili haitamwaibisha mtu.

Hadi hapa nimeandika kana kwamba wageni wote hutoka ng'ambo, jambo ambalo si kweli. Hoteli za Dodoma, Morogoro, Arusha na Naivasha huendeshwa kwa sehemu kubwa na semina, warsha na vikao vya watu wa hapa hapa, na ni nadra mjumbe wa semina kuacha chochote chumbani, ingawa jioni hiyo hiyo atamwachia chenji mhudumu aliyemletea soda. Utetezi unaosikika ni kwamba bakshishi ni desturi ya wazungu, au kwamba hata sisi kazini hatupewi. Utetezi wa kwanza hausimami, maana kumpa mtu chochote baada ya kazi njema ni jambo la kawaida kwetu sote, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa fundi. Wa pili ungekuwa na nguvu zaidi kama usingetolewa na mtu ambaye amesaini posho asubuhi hiyo.

Mgeni wa namna hiyo ana sababu moja mpya ambayo naikubali: hatembei tena na fedha taslimu. Analipia kila kitu kwa simu, na mfukoni hana hata noti ya elfu mbili. Mhudumu wa chumba kuacha namba yake ya simu kwenye kadi ili atumiwe bakshishi kungeonekana kuwa suluhisho, lakini wengi wa wahudumu hao ni wanawake, na namba iliyoachwa chumbani kwa ajili ya shilingi elfu tatu inaweza kupigiwa saa tano usiku kwa shughuli nyingine kabisa. Hoteli zitakazotaka bakshishi za simu zitalazimika kutumia lipa namba moja ya idara nzima ya usafi wa vyumba, na hilo ni sanduku lile lile la mapokezini, ila sasa halina kufuli linaloonekana, na taarifa ya miamala yake humfikia yule tu ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake.