Mzee, mbwa wako yuko wapi?

Jana kijana wa chuo kaja kwangu Nyakato na daftari lake. Anasomea anthropolojia. Ndiyo nini hiyo? Kuchunguza watu wanavyoishi, anasema. Aaa! Uswahilini kwetu hapa kila jirani anayo shahada hiyo, tena bila ada.

"Mzee, ujamaa uliisha lini?"

Nikamwambia, vitabuni utakuta Mzee Mwinyi aliingia 1985 na ruksa zake, kisha 1991 Azimio la Zanzibar likalifukia la Arusha la 1967. Ila kwangu haujaisha. Inama, chungulia mvunguni.

Akainama. Miche ya sabuni 22, sukari kilo 15, viberiti vya kuchoma mtaa mzima. Duka la Mangi liko hatua sita kutoka mlangoni! Lakini utamwambia nini mke wangu, Mama Rehema? Mwaka 1982 alipanga jiwe kwenye foleni ya sukari, akaenda kuteka maji, akarudi jiwe limefika la tatu na dirisha limefungwa. Na ule msako wa wahujumu uchumi wa 1983, enzi za Sokoine, haujamtoka: mpaka leo mjumbe akibisha hodi, anashusha shuka lifunike mvungu. Sabuni yenyewe panya wanaifaidi kuliko sisi.

Kijana akasema hata Romania watu walijiunga na foleni kwanza, kinachouzwa wakauliza baadaye. Nikanyamaza. Nilidhani ni ugonjwa wangu peke yangu.

Maana wiki iliyopita, pale Kirumba, niliona foleni. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nimesimama dakika 40 juani, nimegombana na jamaa aliyetaka kuchomekea, nimeshikiwa nafasi nikaenda kujisaidia, nikarudi. Kufika mezani, bwana mifugo ananitazama juu mpaka chini: "Mzee, mbwa wako yuko wapi?"

Chanjo ya kichaa cha mbwa! Si kwamba mbwa sikuwaona. Niliwaona, wengi tu. Lakini kwenye foleni nani anamuuliza mwenzake kaja na nani?

Kijana alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Alipoaga, Mama Rehema akatoa mche mmoja, akauviringisha kwenye gazeti, akamsukumizia begini.

"Ufiche vizuri, mwanangu. Na upite njia ya nyuma."