Gharama ya likizo ya theluji iko barabarani

Majira ya baridi yakikaribia Ulaya, lawama huwaelekea wanaokwenda milima ya Alps kuteleza kwenye theluji: ni anasa ya wenye fedha, inayokausha vijito na kukwangua milima. Hoja ya maji ina uzito. Mashine za kutengeneza theluji huvuta maji majira yaleyale ambayo vijito vimepungua kwa baridi na vijiji vimefurika wageni. Ndiyo maana mwaka 2022, huko La Clusaz nchini Ufaransa, watu walipiga kambi msituni kupinga bwawa la kuhifadhi maji hayo.

Lakini wenyeji wa milimani hawasikilizwi vya kutosha. Kabla ya utalii huu, mabonde ya Savoie, eneo la Alps nchini Ufaransa, yalipeleka vijana, hata watoto, kusafisha dohani mijini wakati wa baridi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na riziki. Huko Savoie, kijiji cha zamani cha Tignes kilizamishwa mwaka 1952 ili bwawa la umeme lijazwe, na wakazi wakahamishwa bila ridhaa yao. Kijiji kipya kilijengwa juu zaidi, nacho kikapata uhai kwa theluji. Kuwaambia watu hao leo wafunge vituo vyao vya kutelezea, bila kuwaonyesha kazi nyingine, ni kuwahamisha mara ya pili.

Tena wanalaumiwa kwa kosa ambalo sehemu kubwa si lao. Kuna hesabu ya mwaka 2010 ya gesijoto za vituo vya theluji vya Ufaransa ambayo inanukuliwa hadi leo: asilimia 57 zilitokana na safari za wageni kwenda na kurudi. Lifti zinazopandisha watelezaji na mashine za kusawazisha theluji, ambazo ndizo zinazopigwa picha na kulaaniwa, zilichangia takriban asilimia 2 tu; lifti hutumia umeme, na umeme wa Ufaransa kwa sehemu kubwa ni wa nyuklia. Yaani zaidi ya nusu ya gesijoto hizo hutoka barabarani na angani, wakati mgeni hajavaa viatu vya kutelezea au ameshavivua. Mtu anayeruka kwa ndege kwenda kutembea tu mlimani, bila kuteleza, habebi lawama ndogo kuliko anayeteleza aliyefika kwa treni.

Hilo haliondoi tishio la joto. Utafiti wa mwaka 2023 uliochunguza vituo 2,234 vya Ulaya ulikadiria kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 2 za Selsiasi zaidi ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 53 vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji, pasipo theluji ya mashine. Kituo cha Métabief, kwenye milima ya Jura nchini Ufaransa, tayari wanapanga namna ya kuachana na mchezo huu hatua kwa hatua. Vituo vilivyo chini milimani vifuate njia hiyo, navyo vipewe fedha na muda.

Vilivyo juu zaidi vina njia nyingine. Treni kutoka Paris hufika mji wa Bourg-Saint-Maurice huko Savoie, na kutoka hapo gari la relini linalovutwa kwa kamba hupanda hadi kituo cha theluji cha Les Arcs kwa dakika 7. Kikwazo ni kwamba nyumba nyingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, hivyo wageni wote husafiri siku moja, treni hujaa na magari hukwama bondeni. Wenye nyumba wakiruhusu wageni kuingia siku yoyote, treni zilezile zitabeba watu wengi zaidi kwa wiki.