Mabehewa ya Boston: bei, ajira au uzoefu?

Oktoba 2014, MBTA, mamlaka ya usafiri ya Boston, iliipa kampuni ya Kichina ya CNR (leo CRRC) zabuni ya kutengeneza mabehewa 284 ya treni za mjini, njia za Orange na Red, kwa dola milioni 566. Hyundai Rotem ilitaka zaidi ya milioni 720, Kawasaki zaidi ya milioni 900, Bombardier ikavuka bilioni moja. Pengo la namna hiyo lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

Yaliyofuata yaliwapa nguvu wapinzani wa zabuni hiyo. Mabehewa yalichelewa, na Machi 2021 treni mpya iliacha reli karibu na kituo cha Wellington; mpya zote zikaondolewa njiani kwa miezi kadhaa. Machi 2024 MBTA ikakubali kuongeza kama dola milioni 148 na kusamehe faini za ucheleweshaji, ili tu kazi iishe.

Rahisi ghali, basi? Si haraka hivyo. New York iliwapa wazoefu, Bombardier, kazi ya mabehewa 300 ya treni zake za mjini, aina ya R179. Nayo yalichelewa, na Januari 2020 yalitolewa yote kwa kasoro za milango. Hata Hyundai Rotem, iliyofuata kwa bei Boston, ilikwisha kuichelewesha MBTA hiyohiyo kwa mabehewa ya treni za vitongojini.

Mimi naona tatizo lilianzia kwenye sharti la zabuni. Massachusetts, jimbo la Boston, ilikataa fedha za serikali kuu, ambazo wakati huo hazikuruhusu kupendelea jimbo fulani, ili iweze kudai mabehewa yaunganishwe kwake. CRRC ikajenga kiwanda Springfield, mji wa jimbo hilo uliohitaji ajira kwelikweli, na sioni aibu katika nia hiyo: kodi ya wananchi ikirudi kwao kama mishahara, nani atalalamika? Ila kampuni ilikuwa haijawahi kuuza treni Marekani, na kiwanda kilikuwa kipya. Mwalimu na mwanafunzi wote wageni wa kazi, huku abiria wakisubiri.

Wanaoitetea CRRC hutaja korona na ushuru uliowekwa kwa bidhaa za China tangu 2018. Ni kweli vilibana. Lakini MBTA yenyewe ililalamikia ubora wa kazi, na ushuru hauharibu uunganishaji wa nyaya.

Sasa tupige hesabu: 566 jumlisha 148 ni 714. Bado iko chini ya bei ya Kawasaki, na mtetezi wa zabuni ile ana haki ya kulisema hilo kwa sauti. Kisichomo kwenye hesabu hiyo ni miaka ambayo treni za zamani, za tangu karibu 1980, ziliendelea kubeba watu. Julai 2022 mojawapo ilishika moto kwenye daraja la mto Mystic, abiria wakatoka madirishani na mmoja akajitosa majini. Gharama ya kusubiri haikuandikwa na mzabuni yeyote kwenye bahasha yake, wala MBTA haikumtaka aiandike.