Mgonjwa wa presha na chupa ya vitamini: tunachokataza ni nini hasa?

Mtu anayemeza dawa za presha akiuliza kama anaweza kutumia na vitamini, hupata moja kati ya majibu mawili. Mtaalamu wa afya atamwambia aachane navyo vyote. Muuzaji wa virutubisho atamwambia asihofu, hivi ni vitu vya asili, havina madhara. Jibu la pili limeshakosolewa sana, na linastahili. Mimi linanisumbua zaidi lile la kwanza, kwa sababu linatolewa na mtu tunayemwamini, kwa hiyo hakuna anayelichunguza.

Tumwangalie kwanza huyo mgonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wenye umri kati ya miaka 30 na 79, walikuwa na shinikizo la juu la damu mwaka 2019, na ni kama mmoja tu kati ya watano ambaye lake lilikuwa limedhibitiwa. Presha haiumi. Dawa ndiyo inayoweza kusumbua: amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, enalapril na lisinopril huleta kikohozi kikavu, za kuongeza mkojo zinamwamsha mtu usiku. Mtu anaambiwa ameze kitu hiki kila siku, pengine mpaka mwisho wa maisha yake, kwa ajili ya ugonjwa asiousikia mwilini. Anapotafuta jambo jingine la kujifanyia mwenyewe, tunamwita mjinga. Hamu hiyohiyo tunaisifu akipunguza chumvi au akianza kutembea kila asubuhi.

Tena anachokitafuta si hewa tupu. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 34 ya madini ya magnesi. Kwa dozi ya kati ya miligramu 368 kwa siku, shinikizo la juu, yaani namba ya kwanza kati ya zile mbili za kipimo cha presha, lilishuka kwa milimita 2 hivi za zebaki. Miaka minne kabla yake, uchambuzi wa majaribio 29 ya vitamini C, nyingi ikiwa ni miligramu 500 kwa siku, ulikuta mshuko wa karibu milimita 4. Ni mishuko midogo, lakini imepimwa.

Jaribio ambalo huwa nalirudia kila mjadala huu unapozuka lilifanyika China na kuchapishwa mwaka 2015. Wagonjwa wa presha 20,702 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa enalapril miligramu 10. La pili likapewa enalapril hiyohiyo, lakini ndani ya kidonge kilekile mlikuwa na asidi ya foliki, yaani vitamini B9, miligramu 0.8. Baada ya miaka minne na nusu hivi, waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza walikuwa asilimia 3.4 katika kundi la dawa peke yake, na asilimia 2.7 katika kundi la dawa na vitamini. Presha za makundi yote mawili zilikuwa sawa muda wote, kwa hiyo faida haikuja kwa vitamini kushusha presha. Ilikuja kwa kuzuia lile jambo ambalo tunashusha presha ili lisitokee. Ni kweli kwamba utafiti huo ulifanyika mahali ambapo unga haukuwa ukiongezwa asidi ya foliki, na kwa watu wanaoipata ya kutosha kwenye chakula faida inatarajiwa kuwa ndogo. Hata hivyo, mtu akisema kwamba vitamini na dawa ya presha havipatani kabisa, hapo pana watu elfu kumi na zaidi waliovimeza pamoja kwa miaka, na wakapata nafuu kuliko wenzao.

Sasa upande wa pili, maana nao una haki yake. Kidonge kimoja cha kawaida cha presha, kwa dozi ya kawaida, hushusha shinikizo la juu kwa milimita 9 hivi. Ukiweka 9 kando ya 2 za magnesi, unaona kwa nini daktari hukasirika mgonjwa anapobadilisha kimoja kwa kingine. Vitamini D ndiyo imeangusha matumaini zaidi. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2015 halikuona mshuko wowote wa presha, na lile kubwa lililoitwa VITAL, lenye washiriki 25,871, halikuona ikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Anayeimeza ili presha ishuke anatumia fedha bure. Halafu kuna suala la bidhaa zenyewe. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, kirutubisho huingia sokoni bila mtengenezaji kutakiwa kwanza kuithibitishia mamlaka kwamba kinafanya kazi. Efedra, mmea unaopandisha presha na kuupeleka moyo mbio, uliuzwa huko kama kirutubisho cha kupunguza uzito hadi ulipopigwa marufuku mwaka 2004.

Hoja hizi ni nzito. Lakini zinapinga kuacha dawa kwa ajili ya kirutubisho, na zinapinga ahadi za uongo. Hazijajibu swali aliloleta mgonjwa, ambalo lilikuwa: naweza kutumia vyote viwili?

Swali hilo lina jibu, na sehemu kubwa ya jibu hilo inahusu madini mamoja, potasiamu. Dawa zenye majina yanayoishia na "pril" na "sartan", kama lisinopril na losartan, hupunguza homoni inayoziamuru figo zitoe potasiamu kwenye mkojo. Spironolactone, dawa ya kuongeza mkojo, huizuia homoni hiyo moja kwa moja. Matokeo yake potasiamu hubaki mwilini. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, kikipita 6, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na mara nyingi mwenye damu hiyo hajisikii chochote kabla.

Mwaka 1999 ulitoka utafiti mashuhuri ulioonyesha kwamba spironolactone huokoa maisha ya watu wenye moyo ulioshindwa kazi. Madaktari wakaikimbilia. Huko Ontario, Kanada, watafiti wakarudi kuwachunguza wazee waliokuwa wametoka kulazwa kwa ugonjwa huo na ambao tayari walikuwa wakitumia dawa za kundi la "pril". Waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kuzidi walikuwa 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994. Kufikia mwaka 2001 walikuwa 11. Waliokufa kwa tatizo hilo walipanda kutoka 0.3 hadi 2 kwa kila 1,000.

Ni takwimu ya kutisha, na hutumiwa kuwaonya watu juu ya kuchanganya mambo. Sawa. Ila tusipite haraka. Waliochanganya hapo walikuwa ni madaktari. Kila kidonge kilikuwa kimeandikwa kwenye cheti, na kila kimoja peke yake kilikuwa dawa nzuri. Kilichokosekana ni kupima damu mara kwa mara kuona potasiamu imefika wapi. Na ushahidi wa hilo upo: katika eneo la Tayside, Uskoti, matumizi ya dawa hiyohiyo yalipanda sana baada ya mwaka 1999, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 haukuona wanaolazwa kwa potasiamu wakiongezeka. Huko damu ilikuwa ikipimwa kwa karibu zaidi.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kosa ni la mgonjwa aliyejinunulia chupa, siridhiki. Mwili haujui kidonge kimeandikwa na nani. Unajua potasiamu imeingia kiasi gani, figo zinaweza kutoa kiasi gani, na kama kuna mtu anayeangalia.

Na ukiangalia vizuri, chupa yenyewe pengine siyo inayotisha zaidi. Vidonge vingi vya potasiamu vinavyouzwa bila cheti Marekani vina miligramu 99, kiasi kidogo sana ukikumbuka kwamba WHO inapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutoka kwenye chakula. Sasa chukua kopo la chumvi mbadala, ile iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba inafaa kwa moyo. Geuza nyuma, utafute mstari wa viambato. Panapoandikwa kloridi ya potasiamu, ujue kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake ni potasiamu yenyewe: gramu moja ya unga huo ina miligramu 520 hivi, zaidi ya mara tano ya kile kidonge. Gramu moja haijazi hata robo ya kijiko cha chai. Mgonjwa anayetumia losartan huinyunyiza kwenye chakula mchana na jioni, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu daktari alimkataza vitamini na akamwambia apunguze chumvi. Naye amepunguza.

Wala chumvi hiyo si adui. Katika vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000 walifuatiliwa, nusu ya vijiji vikitumia chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu, na viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Waandaaji waliwaondoa mapema wenye ugonjwa mkubwa wa figo na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo zinazobakiza potasiamu. Kuuliza maswali mawili tu mlangoni kuliwatosha.

Yako mengine ya kuyajua, nayo nayapitia upesi. Dawa za kuongeza mkojo za kundi la thiazide hubakiza kalsiamu, hivyo vidonge vingi vya kalsiamu pamoja na vitamini D vinaweza kuizidisha. Likorisi, mzizi mtamu unaotiwa kwenye peremende na chai, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Juisi ya balungi huongeza kiwango cha felodipine, dawa nyingine ya presha, kwenye damu, jambo lililogunduliwa kwa bahati mwaka 1989 wakati juisi hiyo ilipotumiwa kuficha ladha ya pombe katika jaribio. Kwa upande mwingine, dawa hizohizo za kuongeza mkojo hutoa potasiamu na magnesi mwilini, na kuna wagonjwa ambao daktari mwenyewe huwaandikia potasiamu ili kuirudisha. Ukimwambia mgonjwa wa namna hiyo "acha vyote" bila kumsikiliza, umemkosesha tiba yake. Ama vidonge vya kawaida vya vitamini mchanganyiko, vya dozi ya kila siku, havina mgongano wa maana na dawa nyingi za presha.

Marufuku ya jumla huyafunika haya yote. Humweka mwenye vitamini C na mwenye kloridi ya potasiamu kundi moja, na wote wawili hujifunza jambo lilelile: kunyamaza. Akija kliniki anaulizwa, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Anakumbuka alivyokaripiwa mara iliyopita. "Hapana, daktari." Daktari anaandika hapana, anaongeza dozi ya losartan, na kipimo cha potasiamu ambacho kingeagizwa wiki moja au mbili baadaye hakiagizwi, kwa kuwa hakuna kilichoonekana cha kutilia shaka. Nafuu mgonjwa aje na mfuko wake wote, chupa kwa chupa, kopo la chumvi nalo likiwemo, vikapangwa mezani, mfamasia akasoma nyuma ya kila kimoja. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi.

Wapo ambao kwao sibishani na katazo. Mwenye figo zilizochoka, anayetumia spironolactone, na mzee ambaye amepewa "pril" au "sartan" na hajapimwa potasiamu kwa mwaka mzima, wasiguse kidonge cha potasiamu wala chumvi mbadala kabla majibu ya damu hayajarudi. Kwao daktari akisema usitumie, amesema sawasawa. Ila amweleze ni kwa sababu ya potasiamu na figo zake, ili akienda kununua ajue ni mstari gani wa kutafuta nyuma ya kopo.